Mjomba, Achana na Hiyo Range

Katika familia yetu gari halinunuliwi, linachaguliwa, kama mbunge. Kuna kampeni, kuna kambi, kuna watu wa Nairobi wanaodhani wanajua kuliko watu wa nyumbani, na kuna kundi la WhatsApp ambalo wiki mbili zilizopita lilibadilishwa jina kutoka "Familia" hadi "Kamati ya Gari". Mjomba ana Prado ya 2004. Ameuza robo ekari kule Joska, amepata milioni nne, na anatafuta gari la kuchukua nafasi ya hiyo Prado. Wagombea ni watatu: Range Rover Sport ya 2013, BMW X5 ya 2014, na Prado nyingine, ya 2012. Zote zimeshatumika hapa hapa Kenya. Kura nyingi ziko kwa Range.

Mimi huandika matangazo ya magari. Ndiyo kazi inayonilipia nyumba huku hadithi zangu zikingoja, na ndiyo sababu mjomba aliniuliza, "Wewe kijana unayeshinda na hizi gari kwa kompyuta, tuchukue gani?" Nikamjibu kwenye kundi, aya nne nzima. Binamu zangu wakajibu kwa vikatuni vya kucheka. Basi naijibu hapa, ambapo watu husoma hadi mwisho.

Mjomba, gari la kifahari lina bei mbili. Ya kwanza ni ya kulinunua. Hiyo hushuka kila mwaka, tena kwa kasi kuliko ya gari la kawaida. Ya pili ni ya kulikalia. Hiyo haishuki. Sensa haijui kwamba gari sasa ni la milioni nne. Mifuko ya hewa inayobeba mwili wa gari, ile inayolifanya lijiinue na kujishusha wapita njia wakashangaa, haikuulizi ulinunua kwa ngapi. Gari lililouzwa kwa milioni kumi na tano likiwa jipya litadai spea za gari la milioni kumi na tano hadi siku litakapokatwakatwa liuzwe kama chuma. Na mpira huzeeka, uwe wa Mwingereza au wa Mjerumani. Miaka kumi na mbili ya jua na matuta ya Kangundo Road hakuna mpira unaoisahau.

Ndiyo maana limekuwa rahisi hivyo. Si bahati yako, wala si baraka. Mtu wa kwanza, huko Ulaya, pengine alilichukua kwa mkataba wa miaka mitatu. Muda ulipoisha akarudisha ufunguo akachukua jingine. Hakuwahi kukusudia kuzeeka nalo. Wa pili alilileta Nairobi siku tenda ilipolipa. Wa tatu alilinunua tenda ilipokoma kulipa. Wa nne ni wewe, na wa nne ndiye hukutana na fundi kila wiki.

Utaniambia basi tuagize moja mbichi kutoka nje. Kwa milioni nne? Kenya haikubali gari lililozidi miaka minane tangu litengenezwe. Mwaka 2025, lililosajiliwa mara ya kwanza kabla ya 2018 halikuruhusiwa kushuka Mombasa. Kisha kuna ushuru. Chukua gari ambalo KRA imelithamini kwa shilingi 100, lenye injini ya dizeli iliyozidi cc 2,500, kama haya tunayoyatamani. Ushuru wa forodha asilimia 35, unafika 135. Juu ya hiyo, ushuru wa bidhaa asilimia 35 tena, unafika 182. Juu ya yote, VAT asilimia 16, unafika 211. Na hapo hujalipa zile ada ndogondogo. Yaani unalinunua gari, halafu unainunulia serikali lingine. Ndiyo sababu mtu anayetaka fahari bila hela ya fahari husukumwa kwa yale yaliyo tayari ndani ya nchi, yaliyochoka pamoja nasi.

Na hayo ndiyo mimi huyaandikia. Nimeandika matangazo yasiyopungua mia nne, shilingi 300 kwa moja. Yadi hunitumia picha nane na video ya sekunde kumi na tano, nami natoa aya. Lugha hii ina kamusi yake, mjomba, wacha nikufungulie. "Mwenyewe anahama nchi." Manze kila mwenye gari Nairobi anahama nchi, sijui ndege zinawatosha aje. "Ilikuwa ikiendeshwa na mwanamke" maana yake hakuna kingine cha kusifu. "Nunua uendeshe": uendeshe mpaka langoni, kutoka hapo ni wewe na Mungu wako. "Imefanyiwa sevisi juzi": taa ya injini ilizimwa juzi. Taa hiyo, kama hukujua, huzimwa kwa kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani, dakika mbili tu. Kasoro yenyewe hubaki ilipo, na taa hurudi ikijisikia, mara nyingi ukiwa umeshahamisha logibuku. "Bei inajadilika" ndilo neno la kweli kuliko yote, na wakikubali bei yako haraka, hapo ndipo uogope.

Kuna maneno ambayo sijawahi kuombwa kuyaandika, hata siku moja: "risiti za fundi zipo."

Lakini tuache injini. Kwenye kundi hakuna aliyeuliza injini. Shangazi aliuliza rangi. Binamu mkubwa, yule wa benki, aliandika kwamba umri wa mjomba na Prado ya 2004 haviendani tena. Mwingine akauliza, siku ya mahari ya dada yetu wageni watakuta nini hapo nje?

Watakuta Prado. Wataingia ndani wanywe chai.

Kichekesho ni kwamba Range Rover ya kwanza kabisa, ya 1970, ilikuwa na viti vya plastiki na sakafu unayoweza kuosha kwa mpira wa maji ukitoka shambani. Mjomba, mwenye ng'ombe watatu na duka la vifaa vya ujenzi, lingemfaa sana lile. Hili la sasa ukilipakia mfuko wa simiti utaona ni kama umemkalisha askofu jikoni.

Nchi hii imeugua ugonjwa huu tangu kabla ya wazazi wetu kuoana. Neno "wabenzi" halikuletwa na mtandao. Mwaka 2009 Uhuru Kenyatta, akiwa Waziri wa Fedha, alitaka mawaziri wenzake warudishe yale magari makubwa wapande Volkswagen Passat za cc 1,800, na manung'uniko yao yakajaa magazetini. Leo simama kando ya barabara msafara wa serikali ukipita, uhesabu Passat. Na si wakubwa peke yao. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipokuja, ndani yake kulikuwa na kodi ya gari ya asilimia 2.5 ya thamani yake, isiyozidi shilingi 100,000. Piga hesabu: kikomo hicho hufikiwa gari likiwa la milioni nne. Yaani hilo la mjomba na V8 ya mheshimiwa ya milioni ishirini zingelipa sawa. Kodi hiyo ikaondolewa, na baadaye mswada wote ukaanguka kwa sababu watu wa rika letu walijaa barabarani. Binamu zangu wawili walikuwepo, wakala moshi, wakaimba kuhusu waheshimiwa na magari yao. Ni hao hao wamepigia Range kura. Kwani tulikuwa tunapinga magari, ama tulikuwa tunapinga kuachwa nje?

Nasikia kambi ya Prado ya 2012 ikipiga makofi. Tulieni kwanza. "Toyota ni Toyota" si hoja, ni dua. Toyota haikuuza Prado ya dizeli huko Japani kati ya 2007 na 2015, kwa hiyo hiyo ya 2012 mnayoipenda, iliyotoka Japani, ni ya petroli, na kwa bei hiyo ni ile ya injini ya cc 2,700. Ni gari la tani mbili na zaidi linalovutwa na injini ya wastani; mlima wa kwanza tu utaisikia ikilalamika, na petroli itakwenda. Mwishoni mwa 2023 petroli Nairobi ilivuka shilingi 200 kwa lita. Mnakumbuka mlivyokuwa mkituma picha za risiti? Na zile mpya za dizeli, za kuanzia 2015, nazo zina yao: huko Australia mwaka 2022 mahakama iliamua kwamba mfumo wa kuchuja moshi kwenye injini ile ya cc 2,800, ndani ya Prado, Hilux na Fortuner, ulikuwa na kasoro. Tena chujio la aina hiyo hujisafisha vizuri gari likikimbia safari ndefu. Ukilitumia kutoka Donholm hadi mjini kwenye foleni, unalinyima kazi yake.

Kwa hivyo sijaja kuuza Toyota. Nimekuja kuuliza kwa nini tunauza hii tuliyo nayo.

Mjomba anajua kila mlio wa hiyo Prado. Ni dizeli ya cc 3,000, ya toleo lililotoka 2002, na karibu kila mji mdogo wa nchi hii una fundi aliyewahi kuifungua. Spea zake ukienda Kirinyaga Road utapewa za aina tatu, uchague kulingana na mfuko wako. Hiyo ndiyo anasa halisi, na hakuna anayeiona kwa sababu haing'ai. Ukiharibikiwa Emali saa tatu usiku, unataka gari ambalo kijana mwenye spana mbili na tochi ya simu analijua. Jirani yangu ana gari la kifahari la Ulaya, jina nalihifadhi kwa sababu ni mtu mzuri. Limekaa karakana miezi mitano likingoja kompyuta ya giaboksi. Yeye hupanda matatu kama sisi wengine, ila ufunguo wake huuweka juu ya meza akiagiza soda.

Sasa nifike pale ambapo kundi lilinyamaza.

Binti ya mjomba yuko mwaka wa pili chuo kikuu, anasomea famasia. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu. Ada ilikwama, muhula ukapita, ukapita mwingine, na mtu hukosa kurudi hivyo, polepole, bila kufukuzwa na yeyote. Sisemi gari lilikula ada yangu. Hiyo Prado ndiyo iliyonibeba mimi na godoro langu siku ya kuripoti, na mjomba ndiye alikuwa kwa usukani. Ninachosema ni kwamba najua ada hukwama wapi. Haikwami kwa sababu familia imekuwa maskini ghafla. Hukwama kwa sababu wiki hiyo kuna jambo lisiloweza kungoja, na shule, ikilinganishwa, inaweza kungoja kidogo. Gari la kifahari lililozeeka ni jambo lisiloweza kungoja, kila mwezi. Likikwama barabarani linavutwa leo. Likikaa bila kutengenezwa, majirani wanaliona leo. Msichana aliyekosa kusajiliwa muhula mmoja haonekani na mtu yeyote.

Nilikwenda na mjomba kwa fundi wake Kangundo, tukaitazama Prado kwa saa mbili, mimi nikiandika. Nozeli nne za dizeli. Raki ya usukani inavuja. Bushi zote za mbele, shoki zote nne, rejeta, mkanda wa taimingi ambao umeshapita muda wake, na kupiga rangi upya ili shangazi apate rangi anayoitaka. Laki sita na nusu, kazi na spea. Fundi alisema gari litakwenda miaka mingine mitano bila kelele, na hata tukikata maneno ya fundi kwa nusu, bado ni miaka miwili na nusu, na milioni tatu na zaidi zimebaki benki.

Kama ni lazima kununua, basi tununue gari lenye risiti. Tukague rekodi ya umiliki kabla ya kulipa hata senti, maana kuna magari yanauzwa logibuku ikiwa bado rehani kwa mkopo. Likiwa limetoka Uingereza, tuombe namba yake ya kule. Ukaguzi wao wa kila mwaka huandika kilomita, na rekodi hiyo iko wazi mtandaoni bure, kwa hiyo tutajua kama mtu amezirudisha nyuma. Likiwa limetoka Japani, tudai karatasi ya mnada. Na lolote tutakalochukua, tusitumie zaidi ya milioni tatu kulinunua, ile moja ikae kando kwa mwaka wa kwanza.

Haya yote nimeshayaandika kwenye Kamati ya Gari, kwa ufupi. Jumatatu nikaongeza kitu kimoja: kila aliyepigia Range kura aandike hapo chini jina lake na kiasi atakachochanga siku saspenshoni ikilala. Ujumbe umesomwa na watu kumi na saba. Mmoja ametuma picha ya Range nyeupe, akauliza kama nyeupe haichafuki sana.