Nyumba ya Kitanga na kiti cha kununua

Msafiri atokaye Kasulu mjini kwenda Kitanga hupita katikati ya miti. Ataiona mikaratusi iliyopandwa pembeni mwa mashamba, ataiona migrivea iliyofanywa mpaka baina ya migomba ya huyu na maharage ya yule, na mbali zaidi atauona msitu wa miyombo. Akifika na kukaribishwa ndani, kama ilivyo desturi yetu Waha, yule aliyempokea kwa "Mwakeye" atamsogezea kiti. Mara nyingi kiti hicho ni cha plastiki. Kimetoka kiwandani mbali, kimepakiwa katika lori, kimepita mikononi mwa wachuuzi watatu au wanne, kila mmoja akichukua faida yake, na mguu wake mmoja umekwisha kushonwa kwa waya.

Swali ninaloliweka mbele ya wasomaji leo ni fupi. Kwa nini mtu aliyezungukwa na miti, mwenye mikono miwili na miezi ya kiangazi isiyo na palizi, anunue hata kigoda?

Wako watakaosema kwamba hili ni jambo dogo, na kwamba yapo mambo makubwa zaidi ya kujadiliwa. Nakataa. Umaskini wa nyumba hauanzii kwenye mambo makubwa. Huanzia kwenye shilingi zinazotoka kijijini kidogo kidogo kwenda kununua vitu ambavyo kijiji chenyewe kina uwezo wa kuvitengeneza. Mkulima anayeuza debe la maharage ili anunue kiti kitakachovunjika kabla ya msimu wa tatu hakununua kiti. Amekikodi, na kodi yake ameilipa kwa jasho.

Sisi watu wa Buha tunayo historia ndefu ya kutoa. Wakati wa ukoloni wilaya zetu zilifanywa ghala la nguvukazi. Vijana wa Kasulu na Kibondo waliandikishwa manamba na kupelekwa kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko, na Reli ya Kati iliyofika Kigoma mwaka 1914 ikawa njia ya kuwasafirishia. Jembe la nyumbani lilibaki na wanawake na wazee. Leo manamba hawapo tena, lakini malori ya mbao yapo. Mninga na mkurungu wa nchi yetu ya magharibi husafiri kwenda miji mikubwa kama mbao tupu, na baadhi yake hurudi kama makochi na vitanda vya bei ambayo mwenye msitu haiwezi. Kazi ya kuifanya mbao iwe kitanda, ambayo ndiyo yenye thamani, imefanywa na wengine.

Nami siwezi kujitoa katika lawama hii. Nilipomaliza masomo yangu Mlimani na kupata mishahara yangu ya kwanza, niliona fahari kumnunulia mama kabati la nguo kutoka duka moja la Dar es Salaam. Lilikuwa linang'aa. Lilisafiri zaidi ya kilomita 1,200 hadi Kigoma, kisha likapandishwa milimani. Msimu wa kwanza wa mvua, sehemu yake ya chini ilivimba. Msimu wa pili skrubu zilichomoka na milango ikaanguka. Ndipo nilipogundua kwamba sikununua mbao. Nilinunua unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi na kufunikwa kwa karatasi yenye picha ya mbao. Jirani yetu mmoja, mzee aliyefanya useremala maisha yake yote, alilitazama akacheka. "Mwanangu," aliniambia, "huu ni uji uliokaushwa. Ukipata maji unarudi kuwa uji." Hapakuwa na kipande hata kimoja kilichofaa kutengenezewa kitu kingine.

Mzee yule hakuishia kucheka. Katika likizo iliyofuata alinitaka nijitengenezee kitanda, naye akiwa mwalimu. Nilikwenda kwake na mbao za mkaratusi zilizopasuliwa wiki ile ile. Alizikataa. Kwa ubishi wa msomi nilizichukua hata hivyo, nikapigilia meza ndogo nyuma ya nyumba. Kabla ya likizo kwisha uso wa meza hiyo ulikuwa umepinda kama jani la mgomba lililoachwa juani. Ndiyo shahada yangu ya kwanza katika useremala.

Somo lake ni rahisi, na kila nyumba yaweza kulishika. Mti uliokatwa karibuni umejaa maji. Maji hayo yakitoka, ubao husinyaa, tena husinyaa zaidi kwa upana wake kuliko kwa urefu wake. Ndiyo maana hupinda na kupasuka. Kwa hiyo mbao hupangwa chini ya paa, wala si juani, zikiinuliwa kutoka ardhini ili mchwa wasizifikie, na kutenganishwa kwa vijiti vya unene mmoja ili upepo upite kati yake. Ncha za kila ubao hupakwa rangi au nta ili zisikauke upesi kuliko sehemu ya kati. Juu yake huwekwa mawe mazito. Mbao nyembamba zinazopangwa mwezi wa Mei, mvua zinapokatika, hupata kiangazi chote cha kukauka kabla ya mvua za Novemba. Hapo hakuna mashine wala umeme. Kuna subira tu, na subira mkulima anayo. Hakuna anayevuna muhogo siku aliyoupanda.

Baada ya hapo tulianza kazi. Zana zetu zilikuwa msumeno, randa, patasi mbili, nyundo, futi kamba, kipimo cha pembe mraba na jiwe la kunolea. Mzee alisisitiza jiwe kuliko vyote, kwa kuwa patasi butu humchosha fundi na kuharibu mti. Tulichonga tendegu nne. Katika kila tendegu tulitoboa tundu, na kwenye ncha za mifumbati na vitakizo tukachonga ndimi za kuingia katika matundu hayo, kisha tukafunga kila kiungo kwa kigingi cha mti mkavu. Misumari tuliitumia kwenye chaga peke yake. Msumari uliopigwa kwenye ncha ya ubao hulegea kila mlalaji anapogeuka, lakini ulimi uliokaa sawasawa katika tundu lake hubeba uzito kwa mti wenyewe. Kazi ilituchukua siku tisa, kwa sababu mimi nilikuwa mzito wa mkono. Kitanda hicho si kizuri. Mguu mmoja umezidi mwingine kwa upana wa kidole. Lakini mama anakilalia hata leo, na kikilegea najua kiungo gani cha kukaza.

Sasa tuzitazame hoja za wanaopinga, maana si za kupuuzwa.

Hoja ya kwanza husema kwamba kila nyumba ikijitengenezea samani, maseremala wa vijijini watakufa njaa. Hofu hii ni ya haki, lakini imeelekezwa kusiko. Seremala wa Kasulu haharibiwi soko na mkulima anayejichongea benchi. Anaharibiwa na mteja asiyejua tofauti ya mbao kavu na mbao mbichi, wala ya kiungo na msumari, na ambaye kwa ajili hiyo huchagua kinachong'aa. Aliyekwisha kutoka jasho juu ya randa hatabisha bei ya mlango uliotengenezwa vizuri. Milango, madirisha na makabati yenye saraka yatabaki kazi ya fundi, na zaidi ya hayo fundi atapata kazi ya pili ambayo leo hana: kufundisha kwa malipo.

Hoja ya pili ni ya msitu. Husemwa kwamba tukiwahimiza watu kuchonga, tutawahimiza kukata. Hapa sharti tuseme wazi. Mninga na mkurungu si miti ya kila mwenye shoka. Hukua polepole mno, na aukataye leo hatauona mwingine wa ukubwa ule katika maisha yake. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali cha uvunaji, na mwaka 2022, katika mkutano uliofanyika Panama, nchi wanachama wa mkataba wa CITES ziliiingiza miti ya jamii ya mninga na mkurungu ya Afrika katika orodha ya mimea ambayo biashara yake ya kimataifa inasimamiwa. Benchi la jikoni halihitaji mninga. Mgrivea na mkaratusi tuliyoipanda wenyewe yatosha, ikikaushwa vizuri, na aliye na nafasi apande msindano. Tena aliyechonga kiti kwa mkono wake hukitengeneza kikivunjika badala ya kukitupa. Na kiti kinachokaliwa na baba na kisha mwana kimeuokoa mti mmoja kusimama. Anayepanda migrivea ishirini siku mtoto wake anapozaliwa atakuwa na mbao za kitanda cha mtoto huyo atakapoanza maisha yake.

Hoja ya tatu ni ya zana. Ni kweli kwamba randa na patasi nzuri si vitu vya bei ya chini kwa mtu mmoja. Lakini nani amesema kila nyumba iwe na randa yake? Nyumba kumi zikichangia seti moja ya zana, ikawekwa kwa mtu mmoja mwaminifu na kuandikwa katika daftari kila inapotoka na kurudi, gharama kwa kila nyumba haitazidi bei ya viti vichache vya plastiki. Tumekwisha kuchangia mambo makubwa kuliko hilo katika misiba na harusi.

Na wasisahauliwe wanawake. Si haki kuiita kazi hii ya wanaume huku anayetafuta pa kuweka vyombo, pa kulaza watoto na pa kuketisha wageni ni mama wa nyumba. Msichana aweza kushika randa kama mvulana. Nimewaona. Lakini tusimwongezee mama mzigo mwingine juu ya kuni, maji na jembe. Mume anayekaa kilabuni tangu adhuhuri katika miezi ya kiangazi ndiye wa kwanza kuitwa kwenye karakana.

Jambo hili halikuanza kwetu, wala si la nchi maskini peke yake. Mwaka 1974 mbunifu Enzo Mari wa Italia alitoa michoro ya meza, viti na vitanda vinavyoweza kujengwa nyumbani na mtu yeyote kwa mbao za kawaida, nyundo na misumari, kwa imani kwamba anayejenga kiti hujifunza kukihukumu kiti cha dukani. Hapa kwetu, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule imwandae kijana kwa maisha ya kijijini na si kwa mtihani peke yake. Mwaka 1975 serikali, kwa msaada wa Sweden, ilianza kujenga vyuo vya maendeleo ya wananchi, na Kasulu na Kibondo zikapata vyao. Mbegu ilikuwa njema. Kilichopungua ni umwagiliaji.

Matokeo yake tuliyaona mwaka 2016, nchi nzima ilipoingia katika kampeni ya madawati, na tarehe 30 Juni ya mwaka ule ikawekwa kuwa mwisho wa mtoto kukaa chini. Kampeni ile ilikuwa ya lazima, na waliochangia wanastahili sifa. Hata hivyo iliacha swali linalouma: ilikuwaje shule iliyo kando ya miti isubiri dawati kama mtu asubiriaye mgeni? Tangu mwaka 2024 elimu ya sekondari imekuwa na mkondo wa amali. Basi mkondo huo usiwe jina jipya katika ratiba. Katika wilaya zetu, somo la useremala lipimwe kwa idadi ya madawati yaliyotengenezwa na wanafunzi, na kila mwanafunzi amalize shule akiwa ameipelekea nyumba yao benchi moja aliloliunda kwa mikono yake.

Sitaki nieleweke vibaya. Sisemi mtu mwenye fedha zake akatazwe kununua kochi. Nasema kwamba asiyejua kutengeneza hana uchaguzi, huchukua anacholetewa. Anayejua hununua kwa hiari yake na hukataa kwa hiari yake. Tofauti kati ya watu hawa wawili ndiyo maana halisi ya neno kujitegemea, neno tulilolisema mara nyingi kwenye mikutano hata tukasahau kwamba lina mikono.

Kwa hiyo nawaomba ndugu zangu wa Kitanga, na wa Kasulu na Kibondo kwa jumla, wasingoje kamati wala semina. Mvua zitakapokatika, kila nyumba yenye mkaratusi mmoja uliokomaa iupasue, izipange mbao chini ya paa na kuweka mawe juu yake. Wakati mbao zinakauka, nyumba kumi zikutane na kununua zana. Kiangazi kikikaribia kwisha, aitwe yule mzee seremala aliye karibu, apewe kiti cha heshima, hata kama kwa sasa ni cha plastiki, na aombwe aanze kufundisha. Wazee hawa wanapungua kila mwaka. Atakayesubiri sana atabaki na mbao kavu, zana mpya, na hakuna wa kumwonyesha jinsi ya kunoa patasi.