"Fungua Dirisha Tu" Si Usalama: Kuhusu Hita za Gesi Bafuni

Najua niliahidi kwamba leo tungeendelea na somo letu la hifadhidata, na wengine mmeshaniandikia barua pepe kuuliza liko wapi. Samahani sana. Somo lipo na litakuja. Leo nina donge kooni na lazima niliteme.

Kuna maneno matatu yamenichosha katika jiji hili la Nairobi: fungua dirisha tu. Muulize muuzaji kama hita ya maji ya gesi ni salama bafuni, atakwambia fungua dirisha tu. Muulize fundi, atakwambia vivyo hivyo. Mwenye nyumba naye ndiyo wimbo wake. Mimi nasema hivi: hita ya gesi isiyo na bomba la kutoa moshi nje haina ruhusa ya kuwa bafuni, na dirisha si dawa yake.

Sisemi haya kwa kusoma tu. Mwaka jana mwezi wa Julai, baridi ile mnaijua, nilichoshwa na bili ya umeme nikanunua hita ya gesi ya lita 6 kwa dakika. Ndani ya boksi mlikuwa na bomba la bati. Fundi akaligeuza-geuza, akaniambia, "Boss, hili la nini? Tukitoboa ukuta mwenye nyumba ataleta maneno. Wengi hawaliweki. Mtakuwa mnafungua dirisha tu."

Na mimi, mtu ninayelipwa kusoma maagizo ya mashine, sikufungua hata kile kijitabu. Nilimshikia ngazi. Bomba likaenda kukaa juu ya kabati.

Wiki zilizofuata kila mtu nyumbani alikuwa analalamika kichwa. Mke wangu alidhani ni malaria. Mimi nilisema ni kukodolea tarakilishi usiku kucha. Ukuta juu ya hita ulianza kuwa mweusi kwa masizi, na moto uliokuwa wa buluu ukawa na ncha za manjano. Nyinyi wenzangu mnaoandika programu mnajua aibu hii: dalili zote zilikuwepo, hakuna aliyekaa kuzisoma pamoja.

Jumamosi moja asubuhi shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, aliingia kuoga na kuosha nywele. Tukasikia kishindo. Komeo la mlango lilikuwa bovu tangu Machi, na kila wiki niliahidi kulitengeneza. Uvivu wangu ndio uliomwokoa. Kama komeo lingekuwa zima, sijui tungeuvunja ule mlango baada ya dakika ngapi.

Zahanati walimvalisha kile kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni. Kikaonyesha 98. "Oksijeni iko sawa, ni presha imeshuka," wakasema. Bahati nzuri akapita daktari mmoja wa makamo, akauliza swali moja tu: "Nyumbani mnapasha maji ya kuoga kwa nini?" Nilipojibu, hakungoja. Alimvalisha shemeji barakoa ya oksijeni.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye kiini. Gesi ya mtungi imetiwa harufu makusudi ili ikivuja uijue. Kwa hiyo sote tumezoea kuamini pua zetu: hakuna harufu, hakuna hatari. Lakini kilichomwangusha shemeji si gesi iliyovuja. Ni gesi iliyoungua vibaya. Moto ukikosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Hushikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Na kile kifaa cha kidoleni hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba sumu hii. Kinakupa namba nzuri huku mgonjwa anakwenda. Programu inayokufa bila kutoa ujumbe wowote wa kosa ndiyo mbaya kuliko zote. Hii ni hiyo hiyo, ila inakufa na mtu.

Tupige hesabu kidogo. Hita ya lita 6 hutumia takriban kilowati 12. Kwa dakika 10 inachoma kama gramu 150 za gesi. Kuchoma gesi hiyo kunahitaji kama kilo 2.3 za hewa, na hapa Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari ambako hewa ni hafifu, hiyo ni zaidi ya mita 2 za ujazo. Bafu langu lina upana wa mita 1.2, urefu wa 1.5 na kimo cha 2.4. Jumla ni mita za ujazo 4.3. Yaani kuoga mara moja, moto unadai karibu nusu ya hewa yote iliyomo, na bado hujahesabu pumzi zako. Si lazima hewa iishe. Oksijeni ikipungua kidogo tu, moto huanza kuungua vibaya, sumu inapanda.

Najua mtakachosema, kwa sababu nimeshaambiwa.

"Basi si angefungua dirisha?" Ndugu yangu, nani anafungua dirisha saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa Julai akiwa uchi? Usalama unaotegemea mtu mwenye baridi, mwenye povu machoni, akumbuke kufanya jambo ambalo mwili wake wote unalikataa, huo si usalama. Huo ni mtego, na lawama imeshaandaliwa: akianguka, tutasema hakufungua dirisha.

"Wengine wanatumia miaka na hawajafa." Hii ndiyo ile yetu ya "kwangu inafanya kazi". Inafanya kazi kwako kwa sababu unaoga dakika nne, bafu lako ni kubwa, na hita bado ni mpya na safi. Mlete mtu wa kuosha nywele dakika 25, acha vumbi lizibe kichomeo, halafu uniambie.

"Mbona zinauzwa basi?" Swali zuri. Uchina, inakotengeneza hita hizi kwa wingi, ilipiga marufuku mwaka 1999 kutengeneza hita za kuogea zinazomwaga moshi ndani ya chumba, na mwaka 2000 ikapiga marufuku kuziuza kwao. Uingereza, kanuni za usalama wa gesi za mwaka 1998 haziruhusu kifaa chochote cha gesi kufungwa bafuni, isipokuwa kile kilichozibwa kabisa, kinachovuta hewa yake kutoka nje na kutoa moshi wake nje. Hao si waoga kuliko sisi. Walizika watu, wakajifunza. Kwa nini sisi tusubiri kuzika wa kwetu?

Kwa hiyo, kama unayo au unataka kununua:

1. Hita ikae nje ya bafu, kwenye ukuta wa nje au kibaraza kilicho wazi, ikikingwa mvua. Bomba la maji ya moto ndilo liingie ndani.
2. Ikiwa lazima ikae chumba kingine ndani ya nyumba, bomba la moshi lipite ukuta mpaka nje kabisa. Lisiishie darini, wala chini ya dirisha la jirani. Viungo vikazwe. Chumba kiwe na tundu la hewa lisilofungika.
3. Kanuni ya kitambuzi kinachozima moto hewa ikipungua: ni kinga ya mwisho, si ruhusa ya kuacha bomba.
4. Moto wa manjano au masizi ukutani: zima, ita fundi, usioge.
5. Nunua kitambuzi cha kaboni monoksaidi. Kile cha kunusa gesi inayovuja ni kifaa kingine, soma boksi vizuri.
6. Kichwa kinawauma nyote, na mkitoka nje kinatulia? Zimeni, tokeni, mwambieni daktari mnatumia gesi. Msisahau kutaja. Na jiko la makaa chumbani ni sumu hiyo hiyo.

Shemeji alipona na sasa yuko chuoni. Hita yetu iko nje, ukuta ulitobolewa, na mwenye nyumba alileta maneno kweli. Nikamwambia, "Mzee, kwa heshima zote, tundu hili litagharimu mfuko mmoja wa saruji. Ungependa tuzungumzie gharama ile nyingine?" Alinyamaza.

Fundi naye nilimpigia simu. Aliniambia amefunga hita nyingi kama yangu mtaani. Nikamwomba arudi kwa wenyewe mmoja mmoja. Bado sijui kama alirudi. Ndiyo maana naandika: huenda moja iko kwako. Nenda kaangalie leo, kabla mtu hajaingia kuoga.

Hifadhidata wiki ijayo, Mungu akipenda.