Chupa haina fishi

Mwaka huu tena, tulipokutana kutayarisha siku ya mila, mabishano yale yale yalirudi. Wazee wa hapa Kasomeno wanasema mashini ya kurekodi inaua gitare ya Katanga, isiingie uwanjani. Vijana wanajibu: "Nyinyi bazee hamuyuwe kitu, leo yote iko ku ordinatere." Sisi tuliofundisha baadhi ya vijana hao darasani, na tuliopiga gitare kidogo zamani, tunaona pande zote mbili zinakosa. Ila kosa la vijana ni kubwa zaidi.

Tuanze na wazee, maana kwao neno ni fupi. Ni wangapi kati yetu walimsikia Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke kwa masikio yao? (Vijana wanaosikia habari za barabara ya Kasomeno–Mwenda wasidanganyike: Mwenda ile ni mahali kule Zambia, si mtu wetu.) Alizaliwa Bunkeya mwaka 1930, akafa mwaka 1990. Wengi wetu tulimjua kwa mashini. Mwaka 1952 Hugh Tracey alitoka Afrika Kusini, akamkuta Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akaweka mikro mbele yake na kuchukua sauti yake katika utepe. Kiisha disko zikatoka, zikafika mbali, na mwaka 1969 Bosco mwenyewe akapiga gitare yake Newport, Marekani. Mzee anayesema mashini inaua, atuambie ni nani aliyemletea wimbo Masanga kama hakuwa Likasi mwaka ule.

Sasa vijana. Wana kisanduku kidogo wanachoita karte-soni. Wanaingiza fishi ya gitare, kisanduku kinapima sauti mara 48.000 kwa sekunde moja, na ndani ya ordinatere programu inayoitwa simulatere inapiga hesabu ili gitare isikike kama imepita katika ampli ya Fender, ya Marshall au ya Vox. Ukipanga vizuri, sauti inarudi katika kaske mbio sana, sikio halioni kuchelewa. Hatusemi ni kitu kibaya. Tangu Line 6 walipotoa POD yao mwaka 1998, mtoto asiye na pesa ya ampli anaweza kujifunza usiku bila kuamsha majirani, na umeme wa SNEL ukikatika betri ya ordinatere inamtosha. Kwa rumba, kwa seben, kwa koro ya kanisa, waitumie tu, hatuna neno.

Lakini tulimpeleka mzee wetu mmoja katika studio moja ya mjini, jina tunaliacha. Mzee alikuja na gitare yake kavu na mpwa wake mwenye chupa na kisu cha kuigonga. Kijana wa studio akabandika kidude cha kunasa sauti kwenye gitare, akaingiza kable, akachagua ampli ya Wamarekani, akamvisha mzee kaske inayopiga tik-tik-tik. Mpwa akauliza: na chupa? "Chupa tutaiweka nyuma, iko ndani ya ordinatere." Basi mpwa akaa kwenye benchi, chupa mapajani. Mzee alisimama mara tatu sababu ya ile tik-tik. Mwishoni walimsikilizisha kazi, naye akauliza kwa upole: "Ule njo nani anapika gitare?"

Hapo njo kuna ugomvi wetu. Gitare ya Katanga ni kidole gumba na kidole cha shahada, lakini si nyuzi tu. Ni ubao, ni ukucha, ni sauti ya mtu, ni chupa, ni yale maneno mzee anayotupa katikati ya beti mbili. Kable inasikia nyuzi peke yake. Chupa haina fishi, mdomo hauna fishi. Tena simulatere inaongeza ampli ambayo gitare ile haikuwa nayo hata siku moja. David Rycroft aliweza kuandika makala ndefu katika jarida African Music, mwaka 1961 na 1962, juu ya namna Bosco alivyobadilisha vidole vyake kila mara, sababu rekodi haikumnyoosha. Ungeipitisha kwenye tik-tik, angeandika nini?

Wanatuambia: mikro inaingiza jogoo na pikipiki. Iingize! Ama turekodi alfajiri. Karte-soni ile ile ina tundu la mikro, mbona hawalioni? Mikro moja, hatua moja mbele ya mzee, kati ya mdomo na gitare. Mwenye chupa akae nyuma kidogo, na ikizidi, msogeze yeye, usiguse vifungo. Simulatere izimwe, kaske ya tik-tik itolewe. Mzee aulizwe anavyofunga nyuzi zake, uzi kwa uzi, na hayo yarekodiwe pia, sababu ufungaji ule hatuufundishi popote. Kwa mikro moja, saa nzima isiyobanwa haifiki jigabaiti moja. Hakuna udhuru wa nafasi.

Tunasema kwa ukali kwa sababu kipindi cha mvua kilichopita tulizika wapigaji wawili, na waliyoacha ni vipande vya simu, dakika mbili hapa, moja pale. Tepu za Tracey ziko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Wajukuu wa wale waliorekodiwa Likasi wanatakiwa kuomba kule. Kwa hawa waliobaki Kasomeno hakuna hata pa kuomba.

Kwa hiyo siku ya mila, meza iwekwe chini ya mwembe, karte-soni juu yake na mikro mbele. Vijana walete ordinatere na betri iliyojaa. Chupa tutaleta sisi.