MENO MABAYA SI KOSA LA MKEREZA PEKE YAKE



Mwezi uliopita kijana mmoja wa karakana yetu alikatwa mshahara kwa ajili ya vipande 40 vya chuma kisichoshika kutu. Vilikuwa vichwa vya skrubu za kukaza kwa vidole, kipenyo milimita 10, na kila kimoja kilitakiwa kuchapwa meno madogo ya kushikia, yale tunayoyaita narlingi. Meno yakatoka maradufu, membamba, yenye maganda. Msimamizi akavitazama, akasema, "Uvivu." Kijana akatia sahihi karatasi ya makato bila kuuliza neno.

Mimi nimekereza chuma miaka 22, nami nasema hukumu ile haikuwa ya haki. Niliviomba vile vipande nikavipima.

Hesabu yenyewe ni hii. Gurudumu la kuchapia lililokuwa kwenye mashine lina meno ya kunyooka yaliyoachana milimita 1. Kipande cha kipenyo cha milimita 10 kina mzingo wa milimita 31.4. Basi kipande kikizunguka mara moja, gurudumu limechapa meno 31 na karibu nusu ya jino. Mara ya pili meno huangukia katikati ya yale ya kwanza, na huo ndio umaradufu wenyewe. Kipande kikipunguzwa mpaka milimita 9.87, mzingo huwa 31 kamili, na kila jino hurudi katika njia yake. Wala kazi haipungui kipimo, kwa sababu meno yakichapwa huinua chuma.

Shaba husamehe kosa hilo mara nyingine. Chuma kisichoshika kutu hakisamehe, kwani kila kinaposuguliwa na kubanwa ngozi yake huzidi kuwa ngumu. Anayekigusa kwa woga, akasimama, akarudi tena, amejitengenezea ngozi ambayo gurudumu haliingii. Litabandua maganda tu.

Sasa nauliza: nani aliyeandika milimita 10 katika mchoro? Si kijana. Gurudumu lenyewe limelika hata ncha za meno zinang'aa, nalo lilikuwa likichapa kazi kabla yeye hajaajiriwa. Kishikio chake ni kile cha kusukuma kutoka upande mmoja, na kipande chembamba kilichotokeza nje ya chaki hupinda kikisukumwa hivyo. Kipo kishikio cha namna ya koleo, chenye magurudumu mawili, moja juu na moja chini, ambacho hubana kipande bila kukipinda. Tumekiomba mara mbili. Jibu ni lile la siku zote: fedha hakuna. Mafuta ya kukatia nayo tunapimiwa kama dawa ya kikohozi, na kazi hii yataka mafuta tele yaoshe vumbi la chuma lisichapwe tena ndani ya meno.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la kusudi la mfanya kazi. Kusudi! Mzingo usiogawanyika sawasawa ni kusudi la nani?

Lakini tusijifiche nyuma ya msimamizi. Wako wakongwe wenzangu wanaoijua hesabu hii na kuificha kama hirizi, ili wao tu waitwe mafundi. Nami sikumwambia kijana, ingawa mashine yake iko hatua sita kutoka yangu.

Juma lililopita niliazima gurudumu jipya. Nilikereza kipande mpaka 9.87, nikakiondolea ukali wa ukingo, nikaiweka mashine katika mwendo wa polepole. Gurudumu nililianzisha ukingoni kwa nusu ya upana wake, nikalibana kwa nguvu mara moja, kisha nikalitembeza bila kusimama, mafuta yakimiminika. Mpito mmoja tu, meno yakatoka safi. Kijana alikuwa amesimama pembeni. Akaniuliza, "Mzee, mbona sikuambiwa?" Sikuwa na jibu.

Maoni yangu ni kwamba mtu asitie sahihi karatasi yoyote ya makato kabla mwakilishi wetu hajaliona gurudumu, kishikio na mchoro, na kabla fundi mwingine hajapima kipande kwa maikromita. Na hesabu ya mzingo iandikwe kwa chaki ukutani, pale kila mkereza mpya aionapo.

Shauri la kijana liko kwa mwakilishi. Vile vipande 40 vimo katika kopo la rangi chini ya meza yangu, pamoja na gurudumu lililolika. Mwenye vyake vilivyokataliwa asivitupe, avilete mkutanoni.