Nyumba Tupu na Garanti Iliyoliwa

Katika mji wetu wa Goma kumetokea jambo ambalo miaka michache iliyopita hakuna aliyelitazamia: nyumba kubwa zinakosa wapangaji. Ukitembea Himbi kuelekea ziwani, au ukipita Katindo, utaona mageti yenye maandishi ya Kifaransa yanayotangaza kwamba nyumba inapangishwa, na maandishi yenyewe yamekwisha kufifia kwa mvua. Zamani nyumba ya namna ile haikungoja hata juma moja.

Tunasikia watu wakisema kwamba afadhali, sasa maskini atapumua, kwa kuwa kodi imeshuka. Sisi hatukubaliani nao. Kodi imeshuka kwa wale ambao haikuwahi kuwalemea sana. Kwa wengine wote imebaki palepale, na deni jingine limezaliwa ambalo halisemwi waziwazi.

Yafaa tukumbuke bei zile zilitoka wapi. Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipovuka mpaka kwa mamia ya maelfu, mashirika ya misaada yaliwafuata, na wafanyakazi wake walihitaji mahali pa kulala na pa kufanyia kazi. Baada ya vita kuanza mwaka 1998 kikaja kikosi cha Umoja wa Mataifa, nacho kikatafuta nyumba. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ikamwaga moto wake katikati ya mji, maduka na makao yakazikwa, na waliojenga upya wakajenga juu ya makoro: wenye uwezo kwa saruji, wengine wote kwa mbao. Wafanyabiashara wa madini, ambao hawakuwa na imani kubwa na benki, waliiweka faida yao ndani ya kuta. Hivyo kodi ya Himbi haikupimwa kwa mshahara wa mwalimu wa Goma. Ilipimwa kwa bajeti zilizoandikwa Geneva, Bruxelles na Washington, na wenye nyumba wa mitaa mingine, hata wale ambao hawajawahi kumpangisha mzungu, walijifunza kuhesabu kwa dola kwa kuwatazama wenzao wa ziwani.

Kisha ukaja mwezi wa Januari 2025. Tarehe 20 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Juma moja baadaye, tarehe 27, wapiganaji wa M23 wakaingia mjini. Benki zikafunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa, mashirika yakawaachisha watu kazi au yakahamisha ofisi zake. Familia nyingi zilizokuwa na njia ya kuondoka ziliondoka. Dola zilizokuwa zikilipa kodi za juu zikakauka.

Hapa ndipo watu wanapokosea hesabu. Wanadhani soko la nyumba ni kitu kimoja, kwamba bei ikianguka ziwani itaanguka pia Ndosho na Majengo. Tuchukue mfano wa dereva aliyekuwa akifanya kazi katika shirika fulani na kulipa dola 150 kwa nyumba ya saruji huko Keshero. Kazi imekwisha. Hahamii Himbi kwa sababu Himbi imekuwa rahisi. Anashuka Ndosho au Mugunga kutafuta nyumba ya mbao. Huko anawakuta wengine waliokwisha kushuka kabla yake. Anawakuta pia waliotoka katika kambi za wakimbizi wa vita, Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala, zilizoondolewa mwezi wa Februari 2025. Wengi wao walirudi vijijini mwao. Lakini yule ambaye nyumba yake ilikwisha kuteketea alijibana kwa ndugu, au akatafuta chumba. Wote hawa wanagonga mlango uleule. Mwenye chumba cha mbao basi ana sababu gani ya kushusha bei?

Lakini kidonda chenyewe ni garanti kuliko kodi.

Sheria ya nchi yetu kuhusu kupangisha nyumba, ile ya tarehe 31 Desemba 2015, inasema wazi kwamba garanti ya nyumba ya kukaa haipaswi kupita kodi ya miezi 3. Tunajua jinsi inavyotendeka. Wengi wetu tumedaiwa ya miezi 6, na tukalipa, kwa sababu nyuma yetu kulikuwa na mwingine aliye tayari kulipa. Na garanti ni nini? Ni amana. Ni mali ya mpangaji iliyowekwa mikononi mwa mwenye nyumba, ili siku ya kutoka, kama hakuna deni wala uharibifu, irudi kwa mwenyewe. Desturi ya mji imeigeuza. Siku ileile inapopokelewa, garanti inakuwa mabati ya chumba cha pili, au karo ya watoto, au mifuko ya saruji. Mpangaji anapotoka, analipwa kwa garanti ya yule anayeingia, na anayeingia atalipwa na atakayemfuata. Ni mnyororo, nao ulishika vizuri muda wote mji ulipokuwa ukijaa. Sasa mji hauna tena wa kuingia kwa bei ile, na mnyororo umekatika mkononi mwa yule anayetaka kutoka leo.

Basi watu wamejitafutia dawa, nayo tunaijua sote: kula garanti. Mpangaji anakaa bila kulipa mpaka miezi ya amana yake iishe. Hatuwezi kumlaumu, maana ni njia pekee ya kuipata mali yake. Hata hivyo tazameni upande wa pili. Mwenye nyumba, ambaye huenda ni mjane mwenye vyumba viwili alivyoachiwa na marehemu, au mtumishi wa serikali ambaye mshahara wake hauonekani, anapitisha miezi mitatu au sita bila hata franka moja, huku mpangaji akipita uani mwake kila asubuhi. Salamu zinakuwa fupi, kisha zinakwisha. Inafika siku mlango unang'olewa au mabati yanaondolewa watu wakiwa bado ndani, na mtoto mdogo anauliza kwa nini.

Tunamtaja huyo mjane makusudi. Katika mikutano yetu ya vijana ni rahisi kusema «wenye nyumba» kana kwamba wote ni watu wa ghorofa za ziwani. Mwenye ghorofa anaweza kungoja mwaka mzima, mali yake iko mahali pengi. Mwenye nyumba ya mbao hawezi, na ndiye tunayeishi naye katika ua mmoja.

Kwake tungependa kusema neno moja: ashushe kodi, na aishushe kwa maandishi. Tumesikia hofu yao, kwamba atakayeshusha leo hataweza kuipandisha tena. Lakini wakiacha bei ya zamani isimame kwenye karatasi, hali wanajua kwamba mpangaji hana, wanapata nini? Wanapata deni linalokua kila mwezi na ambalo halitalipwa kamwe, na uadui juu yake. Karatasi fupi inayosema kwamba kwa miezi 6 kodi itakuwa kiasi fulani, na kwamba baada ya hapo watu wataketi tena kuongea, haimfungi mtu milele. Wala wasitegemee nyumba tupu kuwatunzia bei. Nyumba tupu katika mji huu inadai mlinzi, isipolindwa inaondolewa madirisha. Na mabati ya Goma, kama kila fundi ajuavyo, huliwa haraka na mvua iliyopita katika moshi wa volkano. Anayekaa ndani ndiye anayeziba tundu kabla halijawa kubwa.

Kuna pia jambo la noti. Tangu benki zifungwe, pesa za wengi zimo katika simu, na kuzitoa kunakatwa asilimia. Mpangaji anakatwa, kisha anafika kwa mwenye nyumba na noti ya dola inakataliwa kwa sababu ina mpasuko mdogo ukingoni. Anarudi kuibadilisha, anakatwa tena. Hii desturi ya kukataa noti iliyochanika kidogo imetuchosha siku za amani. Katika siku hizi ni ukatili, hata kama anayeifanya haitambui. Tunaona ni haki kwamba hasara ya kutoa pesa katika simu igawanywe kati ya wawili hao, nusu kwa nusu, au kodi ipokelewe kwa simu hiyohiyo.

Na ninyi vijana mlioingia katika kazi ya ukomisioneri, tuongee kidugu. Tunajua kwa nini mliingia. Ujenzi umesimama, aliyekuwa akivunja makoro, aliyekuwa akibeba mbao kwa chukudu, fundi na msaidizi wake, wote wanatafuta la kufanya, na kuonyesha nyumba hakudai mtaji. Ni kazi halali. Lakini kumtoza mtu pesa ya kuonyeshwa nyumba ambayo mnajua imekwisha kuchukuliwa, au kumwambia mwenye nyumba adai garanti ya miezi 6 ili fungu lenu likue, ni kumnyonya aliyeanguka. Komisioneri anajua bei ya kweli ya kila mtaa kuliko mtu yeyote. Angeweza kuwa wa kwanza kumweleza mwenye nyumba kwamba ile bei ya 2023 imekufa, na wa kwanza kumwambia mpangaji mgeni kwamba sheria inamlinda kwa miezi 3. Najua, mtasema, atakayesema hivyo hatapewa nyumba za kuonyesha. Labda kwa mwenye nyumba mmoja, na hata kwa wawili. Lakini soko limegeuka, na leo ni mwenye nyumba anayemtafuta komisioneri.

Mkutano ujao wa kikundi chenu, kila aliyepanga, au ambaye wazazi wake wamepanga, aje na karatasi ya siku walipoingia katika nyumba. Isomeni pamoja. Ni garanti ya miezi mingapi? Nani aliipokea, na je, jina lake limeandikwa? Imeandikwa kwamba itarudishwa lini na kwa namna gani? Tunadhani wengi mtakuta hakuna karatasi yoyote, bali neno la mdomo na shahidi ambaye amekwisha kuhama mji. Aliye katika hali hiyo amwendee mwenye nyumba juma hili, akiwa na mzee mmoja wa shirika lake, waandike hesabu yote pamoja na kutia sahihi, wakati bado wanasalimiana.