Nani Alikifinyanga Chungu Hiki?

Akina mama wenzetu, tunajua mnachofanya sokoni mnapochagua chungu. Mnakigonga kwa kidole na kusikiliza. Kikilia kama kengele ni kizima. Kikitoa sauti nzito kina ufa. Kisha mnalipa na kwenda zenu. Ni mara chache tunakipindua kutazama kitako chake, na hata tukikipindua hatukuti neno.

Huko Denmark huanzia kitakoni. Wako watu wanaokusanya mabakuli, birika na vyombo vya maua vya udongo vilivyotengenezwa kwao miaka ya 1950. Udongo huo huchomwa tanurini kwa nyuzi joto 1,200 au zaidi hata ukawa kama jiwe, usipitishe maji. Mnunuzi akishika bakuli hulipindua kwanza atafute mhuri wa karakana na alama ya fundi. Karakana mojawapo, Saxbo, iliongozwa na mama mwenye elimu ya kemia, Nathalie Krebs, na vyombo vingi vilibuniwa na mama mwingine, Eva Stæhr-Nielsen. Ilifungwa mwaka 1968, lakini majina yao yangali yanatajwa, na mhuri ule huongeza bei. (Muuguzi mmoja wa huko aliyepita hapa Mwanza alitusimulia kwamba bibi yake ana bakuli la namna hiyo, na hakuna mjukuu anayethubutu kulitilia uji.)

Sasa tugeukie ziwa letu. Mwaka 1948 wataalamu walieleza habari za vyungu vya kale vya magharibi mwa Kenya, ambavyo leo huitwa vyungu vya Urewe kwa jina la mahali vilipopatikana. Vya aina hiyo vimeonekana pia sehemu nyingine za ziwa, hata mkoani Kagera, na vingine vina umri wa miaka zaidi ya 2,000. Vina mistari iliyochorwa udongo ungali mbichi, na vingi vina kibonyeo kidogo kitakoni, kana kwamba mtu alibonyeza kwa kidole gumba. Jina hakuna.

Hata vya juzi havina. Katika kikundi cha akina mama wa usharika wetu tumeanza kukusanya vyungu na mitungi ya zamani, kwa sababu tuliona inavyotoweka. Huko vijijini hupita wachuuzi wenye pikipiki, wanampa bibi ndoo ya plastiki na kuondoka na mtungi wa miaka hamsini, ukauzwe kwa wageni. Bibi hafurahi wala hakasiriki. Ndoo ni nyepesi kichwani, na sisi hatumlaumu. Lakini mtungi ukishapakiwa, habari zake zimekwisha.

Tulipotoka Kisesa kwenda upande wa Magu tulikuta mtungi mkubwa mweusi, mzuri ajabu, kuku wakinywea maji. Mwenye nyumba alisema aliurithi kwa mama mkwe wake. Tukamwuliza ni nani aliyeufinyanga. Akacheka. “Binti zangu, chungu huulizwa kama kinavuja. Mfinyanzi nani alimwuliza?”

Nyumba ya tatu kutoka hapo tulimpata mfinyanzi mwenyewe, mikono imekakamaa, binti zake wote wako mjini. Alituonyesha kazi kwa maneno tu, maana kuketi chini muda mrefu hawezi tena. Udongo huchimbwa mbugani, huloweshwa, hukanyagwa. Vigae vya vyungu vilivyovunjika husagwa na kuchanganywa humo ili chungu kipya kisipasuke motoni. Hana gurudumu, huviringisha udongo kama kamba, akapanda duara juu ya duara, akalainisha kwa kokoto aliyoirithi. Chungu hukaushwa kivulini siku kadhaa, ndipo kichomwe uwanjani kwa kuni, nyasi na samadi. Alipotaja aliyemfundisha, na aliyemfundisha huyo, tulipata majina matatu ya wanawake ambayo hayajapata kuandikwa popote. Sasa yamo daftarini mwetu.

Watu husema mfinyanzi hulia gaeni, wakimcheka. Sisi tunaona alikula gaeni kwa kuwa vyungu vizima vilikwenda sokoni kutafuta karo. Na wanaodhani kazi hii haina thamani wamtazame Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1950. Naye hufinyanga kwa mikono bila gurudumu, na chombo chake kimoja kiliuzwa mnadani mwaka 2020 kwa zaidi ya pauni 200,000. Jina lake lilijulikana. Hiyo ni sehemu kubwa ya bei.

Kama wauguzi, hatuwezi kuacha kusema jambo la maji. Mtungi hupoza maji kwa sababu hutoka jasho: maji kidogo hupenya udongo, hukauka nje na kuondoka na joto, kama tunavyompangusa mtoto mwenye homa kwa kitambaa chenye maji. Lakini kupoza si kuua vijidudu. Maji yachemshwe au yatiwe dawa kwanza, na hatari kubwa ni kata na mikono inayochovya ndani. Mnamo miaka ya 2000 vikundi vya akina mama wafinyanzi wa Homa Bay, ng'ambo ya pili ya ziwa, vilitengeneza mitungi yenye mdomo mwembamba, kifuniko na bomba dogo. Mafundi wetu wanaweza kuiga. Vyombo vya zamani vya kung'aa visivyojulikana asili yake viwekwe kabatini tu. Rangi za baadhi huwa na madini ya risasi, na ndimu au nyanya huyatoa yakaingia chakulani.

Mkilima shamba mkakuta vigae vyenye michoro, msivichukue wala kuviuza. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Toeni taarifa halmashauri. Wanaotaka kuona vyombo vya Kisukuma vilivyotunzwa waende makumbusho ya Bujora, Kisesa, yaliyoanzishwa na Padri David Clement. Watoto hupenda zaidi ngoma.

Chungu cha nyumbani kioshwe kwa maji na mchanga laini, si sabuni, kwa kuwa udongo huinywa na ladha haitoki. Kama unacho cha mama mkwe, mwulize mwezi huu: kilifinyangwa na nani, kijiji gani, udongo wa wapi, kilipikia nini. Andika kwa penseli kwenye karatasi nene, uikunje na kuiweka ndani ya chungu. Usiandike kwa rangi juu ya chungu chenyewe, maana haifutiki.