Lushoto hadi Mtae kwa miguu
Basi litakufikisha Mtae kutoka Lushoto kwa saa chache, lakini kwa miguu ni safari ya siku tatu au nne, nami naipendekeza kwa kila kundi la marafiki wanaodai wanajuana. Asubuhi ya kwanza, ndani ya msitu wa Magamba, mbega wakiruka juu ya miti, kila mtu ni shujaa na picha hazihesabiki. Mchana wa siku ya pili maneno hupungua. Mikanda ya shanta inakata mabega, na hapo ndipo anagundulika aliyefungasha pasi ya umeme (wapo, msicheke). Mama wa Kisambaa mwenye tenga la kabichi kichwani na kandambili miguuni anawapita kwenye mwinuko, anawapa pole, wala hahemi. Kanuni yangu ni moja: mwenye mwendo wa taratibu atangulie, wenye haraka wamfuate. Kundi linalomwacha mwenzao nyuma halina urafiki, lina mashindano. Linalonikera ni kwamba njia hii tumewaachia wageni wa Ulaya, wakati sisi likizo tunaijua ya ufukweni na harusini tu. Na njiani kuna mengi: kijijini Rangwi masista wanapokea wageni, na ukingoni mwa kijiji cha Mambo unaona nyika ya Mkomazi yote chini yako. Epukeni masika, udongo mwekundu wa njia hii unateleza vibaya. Nendeni Julai, mchukue mwongozaji mwenyeji na sweta nzito, maana baridi ya usiku kule haina utani.